Kufuli la Shemeji Laurenti

Mwaka ule Wahaya tulikula ugali. Anayetoka mbali hataona ajabu iko wapi, lakini kwetu Muleba mtu aliyelala na ugali tumboni alihesabiwa kuwa amelala njaa. Chakula ni ebitooke, ndizi zilizopikwa na maharage mpaka zikalainika, ukazipakua juu ya jani, mvuke ukakupiga usoni. Vingine vyote ni vya kusubirishia. Lakini vita na Uganda vilikuwa vimepita miaka michache nyuma, migomba ikaingiwa na wadudu wanaokula shina kwa chini, mkungu unaanguka ungali mwembamba kama mkono wa mtoto. Dukani hakuna sukari, hakuna sabuni, hakuna mafuta ya taa. Ukaja unga wa njano wa msaada, unaonuka gunia. Mama mkwe wangu aliutazama kwenye ungo akasema, "Hiki ni chakula cha kuku, na kuku wenyewe wawe wa ugenini." Akala amefumba macho. Sisi wengine tulikula macho wazi, kwa dagaa wa visiwani, na chai tuliitia chumvi. Ukiniuliza ulikuwa mwaka gani, nakwambia ni ule wa ugali wa njano, na kila mzee wa huku atakuelewa.

Mwaka huo umenirudia kwa sababu tumemzika wifi yangu Paskazia, dada wa marehemu mume wangu Deusi. Ameacha nyumba yake kule Ijuganyondo, Bukoba, imefungwa, na watoto wake wote wako mbali. Nyumba isiyo na mtu siku hizi haimalizi msimu, wezi wanabeba hadi masinki. Kwa hiyo watoto wakampigia simu mjukuu wangu Advera aje afunge kamera. Advera ni fundi wa kamera mjini Bukoba, ana drili yake na ngazi yake, na anavaa suruali yenye mifuko mingi. Nimekwenda naye. Siyo kwamba ananihitaji. Nimekwenda kumwangalia akifanya kazi, kama wengine wanavyokwenda kuangalia mpira.

Kabla hajatoboa, alipita kando ya ukuta akiugonga kwa vifundo vya vidole, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Mahali pengine ukuta ulijibu kwa sauti ya debe, mahali pengine ukanyamaza kama jiwe. Alipofika penye ukimya akaweka alama ya penseli. Mimi nikakaa chini kwenye kizingiti. Hivyo hivyo ndivyo Deusi alivyogonga kuta, kichwa upande, mdomo wazi kidogo, na mtoto huyu hajawahi kumwona babu yake hata kwa picha, maana picha hatukuwa nayo.

"Bibi, unaumwa?"

"Siumwi. Endelea na kazi yako. Kwa nini unagonga?"

"Natafuta tofali. Lipu haishiki kitu, Bibi. Lipu ni poda ya bibi harusi tu. Ukifunga kamera kwenye lipu, mvua ya kwanza inaning'inia kama popo."

Nikacheka mpaka machozi, na sikumwambia kuwa mengine hayakuwa ya kucheka. Akatoboa, akapuliza vumbi lote litoke shimoni, akaingiza kile kipande cha plastiki wanachokiita fisha hadi kikalingana na ukuta, ndipo akakaza skrubu za kishikio. Kisha akafanya jambo ambalo nililipenda kuliko yote: akakishika kile kishikio kwa mikono miwili, akaning'inia nacho. Mwili wake wote. Kikatulia. "Kama hakinibebi mimi," akasema, "hakina haki ya kubeba kamera." Waya akauacha ulegee kwa chini kabla haujaingia ndani, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya mpaka kwenye mashine. Akaigeuza kamera isitazame jua la asubuhi linalotoka ziwani. Hakuipandisha juu kupita kiasi. Anasema wapo mafundi wanaoziweka juu mno, mwenye nyumba anabaki kuona kofia za wezi na sura asione hata moja. Nilimwita jirani wa Paskazia aje amwone. Nikamwambia, "Huyu ni wangu." Jirani akasema, "Umeshaniambia mara ngapi?" Nikamwambia nitamwambia tena akitoka.

Deusi alikuwa mhunzi, na vita vilimpa kazi. Watu walikuwa wamezoea kulala mlango umeegeshwa kwa gogo. Vita vikaja, maduka yakavunjwa, watu wakakimbia na kurudi wakakuta nyumba haina hata sufuria. Wakati wanajeshi wanaondoka, bunduki nyingine hazikuondoka nao. Kuanzia hapo kila mwenye nyumba ya matofali alitaka nondo dirishani na komeo la chuma mlangoni. Deusi alinyoosha vyuma vya malori yaliyoungua, mimi nikivuta mivuo ya kupulizia moto, jasho linanitiririka na mtoto wangu Koku amelala mgongoni kana kwamba anabembelezwa. Huyo Koku ndiye mama yake Advera. Tukipata kazi mjini, tulilala kwa Paskazia pale Ijuganyondo, kwenye chumba cha mbele, juu ya majani makavu yaliyotandikwa upya kwa ajili yetu, na Paskazia akitupigia kelele kutoka jikoni kwamba mikono ya kutu isiguse ukuta wake.

Kuweka chuma ni kazi ya kila mtu, alisema Deusi. Kazi ya fundi ni kukifanya kisitoke. Saruji haikupatikana, hata kwa kumjua mtu. Kwa hiyo alitumia vigingi vya mti wa mkahawa. Unatoboa tofali, unapigilia kigingi ndani ya shimo, ndipo msumari au skrubu inaingia kwenye kigingi. Mkahawa ni mti mgumu, lakini una sharti moja, na Deusi alinikaririsha sharti hilo kuliko padri alivyonikaririsha katekisimu. Lazima ukauke. Unachonga, unafunga kitita, unakiweka kwenye uchaga juu ya mafiga, moshi unakila mpaka ukigonganisha viwili vinalia kama mifupa. Ukikipigilia kikavu, kinavuta unyevu wa ukuta, kinavimba, kinaliuma tofali mpaka uzeeni. Ukikipigilia kibichi, siku ya kwanza kinabana vizuri kweli, utajisifu. Kiangazi kikifika maji yanakitoka, kinasinyaa, kinacheza shimoni kama jino la mtoto. "Leokadia," ananiambia, "kibichi kinadanganya mwenye haraka." Kuchonga vigingi ikawa kazi yangu. Nilifika darasa la tatu tu, lakini kigingi changu kilikuwa sawa na kigingi changu kingine, upange mia usione tofauti.

Masika yalipokaribia tuliitwa kisiwani, kimoja cha vile vya upande wa Muleba, penye wavuvi waliotoka kila kona na wanunuzi wa samaki wanaolala na viatu. Aliyetuita alikuwa Mama Zaituni, mwenye hoteli, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mitumbwi. Alitaka nondo kwenye madirisha yote. Deusi akazigonga kuta za hoteli. Zilikuwa za miti na udongo.

"Mama, siwezi," akasema.

"Huwezi nini? Chuma hicho hapo, na ukuta huo hapo."

"Nikikufungia chuma kwenye udongo huu, mwizi atabeba dirisha zima, na chuma atauza. Utakuwa umemlipa."

Mama Zaituni akacheka, akampiga Deusi begani, na Deusi akayumba. Niliona. Bega lililokuwa likinyanyua fuawe liliyumba kwa kofi la mwanamke anayecheka. Tukakubaliana tufunge mlango wa stoo, iliyokuwa ya matofali. Mchana tukapewa sato mbichi aliyechemshwa kwa maji yake na chumvi, na ugali wa njano pembeni, na Deusi akala vipande viwili akasukuma sahani. Mimi nilikwenda nyuma ya ukuta wa matete kumbadilisha mtoto. Upande wa pili wanawake wawili walikuwa wakipara samaki.

"Umemwona fundi?"

"Nimemwona. Suruali kaifunga kamba."

"Juliana huyo."

"Shii!"

"Shii ya nini? Si alikuwa akivuka kwenda Uganda na wenzake?"

"Na mke je?"

"Mke anachonga vigingi. Achonge na jeneza kabisa."

Wakacheka, siyo kwa ubaya, kama watu wanavyocheka wakiogopa. Juliana kilikuwa kitambaa cha magendo kutoka Uganda, kinang'aa. Mwenye shati la Juliana hakuwa na haja ya kujitambulisha. Ugonjwa ulipoanza kuwaangusha wale waliokivaa kwanza, watu wakaupa jina hilo hilo. Deusi alikuwa nalo shati moja. Nilikuwa nimelifua kwa mikono yangu na kulianika juani nikijivuna. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikarudi, nikaimaliza sahani yake. Mpaka leo sijui kwa nini niliimaliza. Nadhani sikutaka wale wanawake waone imebaki.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza, "Deusi, unaumwa nini?" Akasema amechoka. Nikamwambia, "Mimi nauliza kama mkeo." Akatazama maji, akasema, "Basi kama mke wangu unajua."

Hakunyanyua nyundo tena. Alikaa kwenye kigoda mlangoni pa kibanda cha uhunzi, amejifunika blanketi, ananielekeza kwa fimbo: hapo, siyo hapo, gonga tena, sikiliza. Nilifunga madirisha ya watu yeye akiwa amekaa, baadaye nikayafunga yeye akiwa amelala. Majirani waliacha chakula nje, penye migomba, wakakohoa ili tujue kipo. Siwalaumu. Hakuna aliyejua ugonjwa ule unapita wapi. Wengine walisema kwenye kikombe, wengine kwenye upepo, na shemeji Laurenti, kaka mkubwa wa Deusi, alisema ni uchawi wa Waganda waliodhulumiwa mzigo. Aliyeingia ndani ni Paskazia. Alikuja kwa miguu kutoka Ijuganyondo na mkungu wa ndizi kichwani, sijui aliutoa wapi mwaka ule, akapika ebitooke vya kweli, akamlisha kaka yake kwa mkono, na alichobakiza akakila yeye, kwenye sahani ile ile. Mama mkwe akapiga kelele akimwita mama yake kwa Kihaya, "Mawe! Paskazia, utakufa!" Naye akajibu huku anatafuna, "Nitakufa nimeshiba ndizi. Ninyi mtakufa na ugali."

Deusi alifariki mvua za masika zikiwa zinaisha. Tulimzika kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, karibu na nyumba, kama tunavyozikana sisi.

Sasa nimseme shemeji Laurenti. Hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa. Alikuwa na kibanja chake cha jirani, mke wake Felisia, na watoto wengi. Lakini desturi ilimwambia kuwa mdogo wake akifa bila mtoto wa kiume, kila kilicho chake kinarudi mkononi mwa kaka, na katika vilivyo chake nilikuwemo. Matanga hayajaisha, akaja na kufuli jipya kutoka mjini, limefungwa kwenye karatasi.

"Shemeji, nyumba ya marehemu inavutia wezi. Nakuwekea kufuli."

"Na ufunguo?"

"Nitakaa nao mimi. Wewe una mtoto mgongoni, utaupoteza."

Fremu ya mlango ilikuwa imeliwa na mchwa, kwa hiyo akaona pete ya kufuli aipige ukutani, kwenye tofali. Hapo alikuwa sahihi, alikuwa amemwona Deusi akifanya hivyo. Akazunguka nyuma ya jiko, akakata tawi la mkahawa lenye majani yanayong'aa, akachonga vigingi pale pale kwa panga, maji ya mti yanamlowesha vidole. Juu ya uchaga, ndani, kitita changu kikavu kilikuwa palepale kilipokuwa siku zote. Nilikitazama. Nikamtazama yeye anavyopigilia, ulimi nje kama mwanafunzi. Vikabana vizuri kweli. Akavuta pete, haikutikisika, akajisifu.

"Mbona umenyamaza, shemeji?"

"Nimefiwa," nikasema. "Niseme nini?"

Kiangazi kikaja. Kahawa ikaanikwa kwenye majamvi, vumbi jekundu likapanda mpaka kwenye nywele, ardhi ya kibanja ikapasuka. Mimi usiku nilikuwa nikijipapasa mbavu kuona kama nimekonda. Sikujua kama nami ninao ugonjwa ule. Vipimo vilikuja miaka mingi baadaye, na vikasema sina, na daktari mwenyewe akashangaa. Lakini kiangazi kile nilijihesabu kuwa marehemu anayetembea, na nilikuwa na swali moja tu la kumuuliza Mungu, nani atamlea Koku. Felisia, mke wa Laurenti, alikutana nami kisimani akanishika mkono. "Mwenzangu," akasema kwa sauti ya chini, "ukikubali kurithiwa, utatuua sote. Ukikataa, watakufukuza. Mimi nakuombea nini sasa?" Nikamwambia aniombee nguvu za mikono.

Siku waliyoichagua nilikuwa nimekwenda maji. Niliporudi nikakuta wazee wa ukoo wamekaa uani juu ya mikeka, wanatafuna buni za kahawa kutoka kwenye kikapu kidogo kama watu waliokuja kwa shughuli ya heshima. Mlango ulikuwa umefungwa kwa lile kufuli. Nguo zangu ndani, kitanda cha mtoto wangu ndani, kitita changu ndani. Paskazia alikuwa amesimama kando ya jiko, mikono kiunoni. Habari ilikuwa imemfikia, akaja bila kuitwa. Aliyeongoza baraza alikuwa Mzee Petro, mkubwa wa ukoo, mtu mkavu asiyependa kelele.

Laurenti akasimama. "Tata, baba yetu, na wazee wangu," akasema, "mambo ni mawili. Mjane akubali nimrithi, akae hapa, mimi nitamtunza na kibanja nitakilima. Au arudi kwao. Akirudi kwao, nyumba ni ya ukoo, na mtoto ni damu yetu, atabaki."

"Kaka," Paskazia akadakia, "unataka mke au unataka kibanja?"

"Wanawake hawajaitwa hapa."

"Sijaitwa, nimekuja. Mke au kibanja?"

"Vyote ni vya mdogo wangu!"

"Na ugonjwa wake je, utaurithi pia?"

Mzee mmoja akapaliwa na buni. Laurenti akasema ugonjwa ni uchawi na uchawi haumpati asiye na deni. Mimi niliushusha mtungi wangu taratibu, sikumwaga hata tone. Nilikwenda mlangoni. Nikalishika lile kufuli kwa mikono miwili, mguu nikauegemeza ukutani, nikaning'inia nalo kwa mwili wangu wote na mtoto mgongoni. Halikupambana hata kidogo. Pete ikatoka na vigingi vyake vyote, vyembamba, vimesinyaa, na vumbi la tofali likanimwagikia miguuni. Mlango ukafunguka wenyewe.

"Mawe!" akasema mama mkwe wangu, na nikasikia kwenye sauti yake kitu kama kicheko.

"Amevunja nyumba ya ukoo!" Laurenti akapiga kelele. "Mmeona kwa macho yenu!"

"Sijavunja kitu, shemeji. Vigingi vyako vilikuwa vibichi." Nikaliweka kufuli kwenye mkeka, mbele ya Mzee Petro, nikarudi nikasimama katikati ya mlango, miguu yangu huku na huku. Nikasema, "Sirithiwi, sitoki, na mtoto simtoi."

Laurenti akawageukia wazee: "Amechanganyikiwa na msiba, tata. Hizo ni hasira. Kesho atajuta, sisi tusimsikilize."

Mzee Petro akamwinulia kiganja. Akaligeuza lile kufuli mkononi, akavitazama vigingi kimoja kimoja, akaviweka chini. Kisha akaniangalia mimi, kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa pale.

"Mwanangu," akasema, "huenda ni hasira kweli. Mwenye hasira nikimwambia arudie, huongeza tusi au hupunguza neno. Sema tena, polepole, wazee hawa wasikie kama ni lile lile."

Koku akaamka mgongoni, akakohoa. Nikamtikisa kidogo. Nikavuta pumzi.

"Sirithiwi, sitoki, na mtoto simtoi."